Bawabu Alalaye Langoni

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitengela



Kamati imetutaka tuseme juu ya kazi ya kungoja malango, yaani kazi ya bawabu, au askari wa lango kama wengi tunavyomwita. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Tukifungua daftari la wanachama na kutazama mahali pa kuandikia kazi ya mtu, neno "mlinzi" larudi ukurasa baada ya ukurasa, na hasa kwa vijana waliofika karibuni kutoka nyumbani. Mzee mmoja aliuliza katika kikao cha kamati kwa nini chama kilichoundwa kwa ajili ya kuzikana na kusaidiana katika shida kiingilie mambo ya mtu na tajiri wake. Swali lake ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujaketi.

Kwanza yafaa tukumbuke malango haya yalitoka wapi. Nchi hii ya Kitengela ilikuwa malisho, na wanyama wa Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, walivuka mto Mbagathi kuja huku na kurudi kama walivyopenda. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapata kipande chake. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, na eneo la namna hiyo likajengwa hapo jirani, Athi River. Watu wa viwanda wakahitaji mahali pa kulala. Vipande vya ardhi vikakatwa tena na tena, hata vikafikia ploti za futi 50 kwa 100. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 154,436 katika mji wa Kitengela. Aliyenunua ploti alitia ua, ua ukatiwa lango, na lango halikai peke yake. Hata ploti ambayo ndani yake hamna kitu ila nyasi na rundo la mawe ya kujengea yahitaji mtu, kwa kuwa mawe hayo huondoka usiku, na mara nyingine ploti yenyewe huuzwa na mtu asiye mwenyewe.

Kijana anapoanza kazi hii, mara nyingi haanzi kwa barua. Huanza kwa simu. Huambiwa, "Njoo kesho na blanketi." Akifika huonyeshwa lango, kufuli, tochi na kibanda cha mabati, kisha huelezwa kwamba hapo ndipo kazini na hapo ndipo nyumbani. Siku ya kwanza jambo hilo humfurahisha, maana hatalipa kodi wala nauli. Hujiona amepata mshahara na nyumba kwa pamoja. Wengine wetu tuliwaona vijana hao wakipiga picha mbele ya vibanda vyao na kuwapelekea mama zao.

Tusiidharau kazi yenyewe. Wako wasemao kwamba ni kazi ya kukaa tu, na anenaye hivyo hajapata kuifanya. Mahali pa ujenzi mkubwa, au penye machimbo ya mawe, bawabu ndiye karani wa kwanza, nasi tulio makarani twalisema hili tukijua maana yake. Lori la mchanga likifika huandika namba ya gari, jina la dereva, saa ya kuingia, aina ya mzigo, na baadaye saa ya kutoka. Lori la saruji huihesabu mifuko yake kabla hati ya dereva haijatiwa sahihi, kwa kuwa mifuko 300 ikiandikwa na mifuko 290 ikashushwa, atakayeulizwa ni yeye. Gari litokalo tupu lataka kutazamwa kuliko gari liingialo limejaa. Fundi aondokaye jioni na mfuko mkononi sharti aufungue, awe rafiki au asiwe rafiki. Na iko siku dereva atanyosha mkono dirishani akiwa na noti iliyokunjwa. Kijana akiipokea mara moja tu, lango hilo si lake tena. Ni la dereva.

Sheria nayo imemtambua. Sheria ya mwaka 2016 ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi yamruhusu mtu alindaye mlango wa jengo kumtaka mgeni ajitambulishe, kuandika saa zake, na kukishika kitambulisho chake kwa muda awapo ndani. Haikumruhusu kumpiga mtu. Amshikaye mwizi amkabidhi kwa polisi. Atakaye kuandikwa na kampuni ya ulinzi hana budi kufunzwa na kusajiliwa na mamlaka iliyowekwa na sheria hiyo. Tena kile kitabu cha wageni kina majina na namba za simu za watu, na tangu sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, si halali kuzitumia namba hizo kwa shughuli nyingine. Tunalitaja hili kwa sababu akina dada wamelalamika kupigiwa simu jioni na walinzi wa majumba waliyoyatembelea mchana. Vijana wetu wasionekane katika tabia hiyo.

Ama usiku, ni jambo jingine. Wenye kuijua nyanda hii mwezi wa Julai hawahitaji kuambiwa habari za upepo wake. Mabati huwaka mchana na kuganda usiku. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata hata bawabu hawezi kwenda dukani bila kuacha kiatu njiani, na maji ya kunywa huletwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20 kwa bei aipendayo mwenye mkokoteni. Katika baadhi ya malango yaliyo mbali na mji, fisi hupita karibu, na simba wamepata kufika. Juni 2012 simba 6 waliuawa na watu hapa Kitengela baada ya kushambulia mifugo. Mtu mwenye rungu na firimbi alinde ploti, lakini asiambiwe kwamba anamlindia mtu ploti yake dhidi ya simba.

Lakini simba si adui mkubwa. Adui mkubwa ni jiko. Kijana aliyeshikwa na baridi hulitia jiko la makaa ndani ya kibanda, hufunga mlango, huziba matundu kwa magunia, na kujilaza. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlevya mtu usingizini asiamke kamwe. Haikohozeshi wala haiwashi macho, ndiyo maana mtu haikimbii. Twawasihi wazazi waliomo humu wawapigie watoto wao simu leo hii, wawaambie jiko lote lilale nje, hata kama limebaki majivu mekundu kidogo tu. Kabuti zito na blanketi la pili ni gharama ndogo kuliko jeneza. Chama kinajua bei za vitu vyote vitatu.

Habari ya bawabu kulala langoni si ya kwetu peke yetu. Kusini mwa jimbo la Texas, huko Marekani, katika nyanda za mafuta ziitwazo Eagle Ford, kila njia iingiayo kwenye kisima ina lango, na langoni hukaa mtu, mara nyingi mume na mke, katika nyumba yao ya magurudumu ivutwayo na gari. Huandika kila lori liingialo na litokalo, mchana na usiku, mmoja akilala mwingine yu macho, nao hulipwa kwa siku. Wizara ya Kazi ya nchi ile ilidai kwamba watu hao ni waajiriwa na kwamba wanastahili mishahara ya saa zao zote, fedha zilizofika mamilioni ya dola. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliamua vingine: kwamba wale si waajiriwa bali ni makandarasi wanaojitegemea. Kwetu Kenya mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, na mwaka uliofuata wenyeji walifanya maandamano wakitaka wapewe kazi zaidi katika visima vile. Huku Kajiado hatuna visima. Tuna mchanga, mawe, saruji na nyumba. Walakini swali ni lile lile lililofika mbele ya jaji: mtu alalaye langoni, saa zake za kazi huanza lini na kwisha lini?

Tuifanye hesabu, kwa kuwa hesabu haimwonei mtu haya. Amri ya jumla ya mishahara yasema wiki ya kazi isizidi saa 52, na kwa mtu wa kazi ya usiku isizidi saa 60. Wiki nzima ina saa 168. Bawabu akaaye peke yake langoni, asiye na mpokezi wa zamu, yumo katika saa hizo zote, maana honi ikilia saa nane za usiku hawezi kusema kwamba amekwisha toka kazini. Sasa tutazame mshahara. Amri hiyo humweka askari wa mchana katika fungu moja na wafagiaji na watumishi wa nyumbani. Askari wa usiku amewekwa juu yake, baada ya fungu la wachonga mawe. Tena hutofautisha mahali na mahali. Mwaka 2022 kima cha chini cha askari wa mchana kilikuwa shilingi 15,201.65 katika Nairobi na miji mikubwa, 14,025.40 katika Mavoko na manispaa za zamani, na 8,109.90 katika sehemu nyinginezo zote. Mwaka 2024 viliongezwa kwa asilimia 6. Mavoko imetajwa kwa jina katika amri, Kitengela haikutajwa. Basi mtu akivuka mpaka kutoka Athi River kuja upande wetu, kwa mwendo wa dakika chache, kima chake chashuka karibu nusu, ingawa bei ya unga ni ile ile pande zote mbili.

Chukueni zile shilingi 8,109.90 mzigawe kwa siku 30: ni shilingi 270 kwa siku. Zigawe hizo kwa saa 24: ni shilingi 11 na senti chache kwa saa. Na hapo tumemhesabu yule aliyelipwa kima halali cha mwaka 2022. Wako wasiokifikia.

Hapa ndipo tajiri hujibu, "Lakini nimempa nyumba." Jawabu hili latakiwa kupimwa vizuri. Viwango tulivyotaja havimo posho ya nyumba ndani yake, na kifungu cha 31 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 chataka mwajiri ampe mwajiriwa makao yafaayo karibu na kazi, au ampe fedha za kutosha kwa kodi, juu ya mshahara. Makao yafaayo! Tulipata kutembelea lango moja ambapo nyumba ilikuwa bodi ya matatu kuukuu, iliyoondolewa magurudumu na kuwekwa juu ya mawe. Mwenye kukaa humo alikuwa ameipamba vizuri, vitanda viwili vya mbao mahali pa viti, pazia dirishani, na picha ya timu yake ya mpira pale dereva alipokaa zamani. Tulimsifu kwa usafi wake. Hata hivyo hapakuwa na choo, na mvua iliingia mahali palipokuwa na taa. Maoni yetu ni kwamba kibanda kilichowekwa ili lango lisikose mtu usiku ni chombo cha kazi kama tochi na kufuli, na tajiri asikihesabu kuwa mshahara. Kama kina paa lisilovuja, choo, maji na mlango ufungao, hapo tutakubali kukiita nyumba.

Sheria hiyo hiyo yatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12. Yataka mapatano ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe. Na kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja, kifungu cha 37 humgeuza kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, tajiri apende asipende. Jambo moja haikulitaja kwa jina, nalo ni ruhusa ya msiba.

Sasa twafika kwenye swali la mzee wetu.

Kijana mmoja wa chama hiki, ambaye hatutamtaja jina, alikaa katika lango moja miezi 14. Katika miezi hiyo hakulala mahali pengine hata usiku mmoja. Baba yake alipofariki, chama kilifanya kama kilivyozoea: tulichanga, tulikodi basi, tulinunua jeneza, na wanachama wakasafiri usiku kwenda kumzika mzee nyumbani. Kijana aliomba ruhusa ya siku tatu. Alijibiwa kwamba aende, ila kwanza alete mtu wa kushika lango. Alipiga simu kwa wenzake wote, na kila mmoja naye alikuwa na lango lake. Basi letu lilipita barabara kuu kama saa tatu za usiku. Alisimama nje ya ua akiwa na tochi, akatumulika, dereva akapiga honi, tukaenda. Tulipofika kaburini aliitwa kifungua mimba aje kutupa udongo, na aliyesimama mahali pake alikuwa binamu.

Wazee wangu, mnajua kuliko sisi maana ya jambo hilo katika nyumba. Chama kilitoa fedha za mazishi, na aliyestahili kuzika hakuwapo. Ndiyo sababu tumesema kwamba kazi ya lango si jambo la mtu na tajiri wake peke yao.

Hatusemi lango lile lilikuwa la nani. Twasema tu kwamba katika chumba hiki wamo wengi walionunua ploti kwa jasho lao, nasi twawapongeza, na wamo wengi waliomwita mpwa au mtoto wa jirani kutoka nyumbani aje kukaa langoni. Alipokuja aliambiwa, "Kaa hapa mwanangu, tutaonana mwisho wa mwezi." Mwezi ukaisha na saruji ikahitajika. Mwingine ukaisha na karo ya shule ikafika. Kijana hasemi kitu kwa sababu atamwambiaje mjomba? Kwa kampuni angeweza kushtaki. Kwa mjomba ananyamaza, na barua za nyumbani zasema yuko mjini anafanya kazi. Twajua pia upande wa pili. Mwenye ploti si tajiri kwa maana ya utajiri; wengi wanalipa mkopo, wala hawawezi kuandika walinzi wawili kwa ploti isiyoleta hata senti. Hilo ni kweli, nasi hatukuja kumwaibisha mtu. Lakini asiyeweza kulipa walinzi wawili aweza kukubaliana na majirani watatu walipe mlinzi wa tatu, awe anawapokea wale wa malango yao kwa zamu, kila mmoja apate siku yake ya kupumzika. Katika njia moja ya upande wa Isinya majirani walifanya hivyo, na kila mmoja alitoa kiasi alichoweza kukitoa bila kuuza kitu.

Kamati inaleta mbele ya mkutano huu mambo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza ni barua ya mapatano ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo kila mwanachama amwekaye mtu langoni ataitia sahihi mbele ya mashahidi wawili, hata kama mtu huyo ni ndugu yake. Na zaidi kama ni ndugu yake. Barua hiyo yataja mshahara na siku ya kulipwa, saa za zamu, siku ya kupumzika, ni nani atakayenunua kabuti, mabuti na tochi, maji yatatoka wapi, na ruhusa ya siku tatu kwa msiba wa mzazi, mwenzi au mtoto. Vijana wanaoandikwa na watu wa nje wataweza kuichukua vilevile na kumwonyesha tajiri. Akikataa kuitia sahihi, kijana atakuwa amejua jambo la maana kabla hajabeba blanketi.

La pili ni orodha ya wapokezi wa zamu. Kila kijana mlinzi asiye na kazi kwa wakati huo ataandika jina lake kwa karani, na penye msiba, chama kitampeleka kushika lango la aliyefiwa kwa muda wa siku tatu. Posho yake itatoka katika fungu la mazishi, kwa kiasi kitakachokubaliwa leo. Mweka hazina ametukumbusha kwamba fungu hilo si kubwa, na kwamba mwaka uliopita lilitumika karibu lote. Twakubali. Kamati yapendekeza mchango wa kila mwezi uongezwe shilingi 50, na wale wenye ploti waongeze 100.

Twajua kwamba nyongeza haipendwi. Yupo atakayesema kwamba yeye hana mtoto langoni, na mwingine kwamba alikaa langoni miaka mingi bila barua na hakufa. Wote wawili watapewa nafasi ya kusema baada yetu, na Bwana Mwenyekiti atawasikiliza kwa zamu.

Nakala za barua ziko mezani karibu na mlango, pamoja na wino kwa wasioandika. Kura itapigwa kabla ya chakula, kwa kuinua mikono.